Programu Iliyomwekea Susu Meno

Nauza miche. Ya parachichi, ya machungwa, ya maembe ya kubebeshwa, yote naikuza kwenye viriba nyuma ya nyumba yangu hapa Kikima, na wateja wengi hunipata kwa simu. Napiga picha, naiweka kwenye status, anayetaka anapiga. Kwa kazi hiyo sikuhitaji makubwa. Nilihitaji programu ya simu inayoweza kukata pembeni ili beseni la nguo lisionekane, kuongeza mwanga kidogo kwa sababu kibanda changu kina giza, na kuinyoosha picha kama mkono ulitetereka. Basi. Mtu anayetaka kisu cha kukatia sukuma wiki haendi kuuziwa panga, shoka na tingatinga.

Nilipoinunua simu hii, muuzaji alikuwa tayari amenitilia programu moja, akanihakikishia kwamba ndiyo inayotumiwa na kila mtu. Nikaitumia bila kuuliza. Ikawa kila picha inayopita humo inatoka imekogeshwa rangi. Majani yakawa kijani cha plastiki, udongo ukawa mwekundu kupita damu. Mteja mmoja akaja kutoka upande wa Tawa, akaegesha pikipiki yake, akauangalia mche, akaiangalia simu, akauangalia mche tena.

"Madam, hii sio ile uliweka kwa status," aliniambia. "Ile ilikuwa inang'aa."

"Ni ile ile. Hata kiriba ni kile kile."

"Basi hii ni mgonjwa."

Akawasha pikipiki akaenda zake. Sikumlaumu. Mche wenye afya, nilioubebesha kwa mikono yangu mwenyewe, umeitwa mgonjwa kwa sababu picha yake ilipakwa poda. Uzuri wa mkakasi, nilijisemea, na mkakasi wenyewe nimeutangaza mimi. Nilichukizwa nikaifuta ile programu papo hapo, nikaanza kutafuta nyingine, rahisi, isiyojifanya inajua kuliko macho yangu.

Nilikuwa bado naitafuta programu hiyo Susu alipofariki.

Susu ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Huyu alikuwa mama yake baba yangu, akiishi chini kidogo ya soko la Matiliku. Alikufa kitandani mwake asubuhi moja baada ya kunywa uji, bila kumsumbua mtu yeyote, jambo la ajabu kwa mwanamke aliyetusumbua sote maisha yake yote. Shangazi yangu, bintiye wa kwanza, akashika uenyekiti wa kamati ya mazishi kabla hajachaguliwa. Shangazi ni kiongozi wa akina mama kanisani na sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti.

"Wewe ndiye mtu wa simu," alinitangazia mbele ya wote. "Utatafuta picha ya mama ya kuweka mbele ya kijitabu."

Kwetu mazishi bila kijitabu si mazishi. Lazima karatasi iwe ya kung'aa, lazima mbele kuwe na uso wa marehemu, na ndani historia yake, nyimbo na ratiba ya ibada. Waombolezaji hujipepea nacho jua likiwaka, kisha wanakwenda nacho nyumbani, wanakichomeka kwenye kabati la vyombo au wanakibandika ukutani, na hapo kitakaa mpaka kigeuke manjano. Vitukuu ambao hawakumwona Susu watamjua kwa kijitabu hicho tu. Uso utakaochapishwa ndio utakaobaki. Ndiyo sababu niliichukua kazi hiyo kwa uzito kuliko yeyote alivyotarajia, nikiwemo mimi.

Picha ya kitambulisho chake ilikuwa imefutika ikabaki kitambaa cha kichwa. Ya kufaa nilikuwa nayo moja tu. Mvua zilizopita nilimpelekea mche wa mchungwa, nikauweka mbele ya jiko lake niupige picha kwanza, na hapo mbuzi wake akaja, akaung'oa, akautafuna nikiona. Nikapiga kelele. Susu alikuwa ameketi kwenye kigoda, akanicheka. Alinicheka kwa mdomo wote, kichwa nyuma, na kidole changu kikabonyeza simu chenyewe. Picha ikatoka imeinama upande, nusu yake giza la jiko, na pembeni kuna beseni la bluu na matako ya mbuzi. Lakini katikati alikuwa Susu mzima mzima, akinicheka.

Na meno yake yalionekana. Susu alikuwa katika wale Wakamba wa mwisho mwisho waliochongwa meno. Meno ya mbele ya juu yalichongwa kwa patasi ndogo alipokuwa msichana, kila moja likabaki na ncha, na kati ya ncha na ncha kukawa na uwazi. Msichana alilazwa chini akachongwa, na ole wake aliyelia. Susu hakulia, na alihakikisha hakuna mjukuu asiyejua kwamba hakulia. Alipookoka, wahubiri walimwambia hayo yalikuwa mambo ya giza. Aliwakubalia mengi, akaacha pombe ya kienyeji na ngoma, lakini meno hayakuwa na pa kurudi, wala yeye hakuyaonea haya. Aliimba mstari wa mbele kanisani mdomo wazi, na aliyetaka kuyatazama akayatazama.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa ndogo. Nimkate mbuzi, niinyooshe picha, niongeze mwanga. Nikapakua programu.

Ya kwanza ilianza kwa kuniomba majina ya watu wote walio kwenye simu yangu. Ya nini? Mimi nataka kukata mbuzi, wewe unataka namba ya mama yangu? Nilipokataa, ikakataa kufunguka. Ya pili ilifunguka, lakini kila nikigusa kitu linaruka tangazo la kubashiri mpira, jamaa anarusha noti juu na kucheka, na chini yake uso wa marehemu unasubiri zamu. Nikaifuta. Ya tatu haikuwa na matangazo, nikamshukuru Mungu mapema. Nilipomaliza kukata na kuhifadhi, ikapiga muhuri wa jina lake juu ya kitambaa cha Susu, kama ng'ombe aliyepigwa chapa, na ikaniambia muhuri utaondoka nikijiandikisha niwe nalipa kila mwezi. Nikaifuta kwa hasira mpaka kidole kikauma.

Ya nne ndiyo sitaisahau. Iliifungua picha, ikazungukazunguka, na kabla sijagusa chochote ikaandika kwamba uso umeboreshwa. Uso umeboreshwa! Nani aliiomba? Nikatazama. Ngozi ya Susu ilikuwa imelainishwa kama sabuni iliyolowa. Mikunjo imetoka, pua imebanwa, rangi imefifishwa akawa mweupe kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Na mdomoni, pale palipokuwa na zile ncha alizozivumilia bila kulia, palikuwa na safu ya meno sawasawa, meupe, yasiyo na hata mwanya, meno ya msichana wa tangazo la dawa ya mswaki. Mashine iliona meno yaliyochongwa ikadhani ni kasoro, ikayaziba. Nilishikwa na kinyaa cha kweli, kile cha kutaka kutema mate. Na nilitema, pale mlangoni.

Nikadhani kila mtu atachukizwa kama mimi. Siku hiyo hiyo nilikuwa nashuka Matiliku kwa kikao cha kamati, nikampelekea shangazi simu jikoni.

"Shangazi, hebu ona upuuzi huu."

Akafuta mikono, akavaa miwani. Nilimngoja akasirike. Badala yake uso wake ukalainika.

"Woi," akasema. "Sasa huyu ndiye mama."

"Huyu si Susu. Angalia mdomo."

"Si ndio naangalia mdomo? Umekuwa safi. Wageni wa kanisa watatoka mpaka Nairobi. Unataka tuwaonyeshe mama akikaa kama mtu wa kitambo?"

"Alikuwa mtu wa kitambo!"

"Nitumie hiyo."

Nikaifuta mbele ya macho yake. Akaniita kichwa ngumu, akasema nimerithi kwa aliyekufa. Nami nikamwambia ambalo sikuwa nimepanga kulisema: kwamba alipokuwa mtoto alitafuniwa chakula na meno hayo hayo, yakamlainishia mahindi mpaka akaota ya kwake, na leo anataka kuyafunika. Shangazi akageukia sufuria, akakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Haya," akasema mwishowe. "Fanya vile unataka. Lakini watu wakicheka, ni wewe."

Nilichokitafuta nilikipata mahali pa kipumbavu kabisa, ndani ya simu yenyewe. Pale pale picha zinapokaa kuna alama ndogo ya kalamu. Ukiigusa inakupa kukata, kunyoosha, mwanga, na kitufe cha kurudisha picha ilivyokuwa. Haina tangazo, haikuulizi jina, na haina habari kwamba uso ni uso. Kwake, Susu na beseni ni kitu kimoja, na hilo ndilo nililolitaka. Siku hizi mtu akiniuliza achague programu ipi ya picha za kila siku, namwambia ajaribu kwanza kwa picha ya mtu anayempenda. Ikimgusa kabla haijaambiwa, aifute asiangalie nyuma.

Nikamkata mbuzi. Nikainyoosha. Nikaongeza mwanga mpaka giza la jiko likarudi nyuma na macho ya Susu yakaonekana. Meno yake yalitoka vizuri, ncha kwa ncha.

Mwenye duka la kuchapisha pale Matiliku alinipokea vizuri. Aliihamisha picha kwenye kompyuta yake, akaipanga juu ya ukurasa, jina chini, na njiwa wawili pembeni ambao nilimwambia awatoe na akawatoa. Nikaikagua kwenye kioo cha kompyuta. Ilikuwa Susu. Ukutani alikuwa amebandika vijitabu vya mazishi alivyochapisha zamani, na akina nyanya wengi humo walikuwa wakicheka. Nilifurahi kuwaona, maana wazee wetu wakipigwa picha huwa wananuna kama wanaoshtakiwa.

"Iko sawa, madam," aliniambia. "Siku ya mazishi asubuhi nitatuma na boda."

Alitimiza ahadi. Asubuhi ya mazishi boksi likafika, hema zimeshasimama, sufuria ziko motoni, na gari lenye jeneza liko njiani kutoka mochari. Nikalikata boksi kwa kisu cha jikoni. Karatasi ilikuwa ya kung'aa, mwanga ulikuwa ule ule, kitambaa kile kile. Na mdomoni mwa Susu palikuwa na ile safu. Meupe, sawasawa, bila mwanya.

Nikampigia mwenye duka.

"Aah, hiyo madam ni offer," alisema kwa furaha. "Tuliona meno tukakurekebishia. Hatulipishi."

"Nilikuomba?"

"Si lazima uombe. Kuna app tunapitishanga picha zote kabla ya kuprint, inarekebisha yenyewe."

"Hayo meno hayakuharibika. Yalichongwa!"

"Si najua? Wazee wote wa huku wako hivyo. Hao wote tunawawekeanga. Na hakuna mtu amewahi kulalamika."

Hapo nikazikumbuka zile nyuso za ukutani. Wale nyanya waliokuwa wakicheka, na mimi nikafurahi kama mjinga, wote walikuwa na safu moja. Meno yale yale, mdomo baada ya mdomo. Nyanya za watu wamezikwa na kubandikwa ukutani wakiwa na meno ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Na watoto wao wamejipepea nacho kijitabu, wamekipeleka nyumbani, hawakusema kitu. Mashine angalau ilikuwa haijui. Huyu alijua. Kalelewa hapa hapa, huenda amebebwa mgongoni na nyanya mwenye meno hayo hayo, na kila wiki anawafuta mmoja mmoja kisha anaiita offer. Sijui neno la Kiswahili linalotosha. Nilikata simu kwa sababu yaliyokuja mdomoni hayasemwi nyumba ikiwa na msiba.

Nilitaka kulichoma lile boksi. Shangazi akanishika mkono.

"Utawapa watu nini? Hakuna wakati."

Kweli hakukuwa na wakati. Akachukua kijitabu kimoja, akakitazama, na nilimngoja aseme tena kwamba sasa huyu ndiye mama. Hakusema. Alivikusanya mikononi akaenda kuwapa wageni, na mimi nikabaki nimeshika kisu cha jikoni.

Susu aliacha nyuma ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike, aliyeolewa Kambu kule barabara ya Mombasa. Huyu tunamwita Susu wa Kambu. Tulizoea kumwona kwenye mazishi na harusi tu, na kila akija huleta hadithi ile ile: walivyochongwa meno siku moja, yeye akiwa bado mdogo mno, akakataa kula mpaka akaruhusiwa, kwa sababu hakutaka kutofautiana na dada yake. Akifika mwisho wa hadithi hucheka, na ndiyo ilikuwa njia yake ya kukuonyesha meno hayo.

Siku hiyo mwanawe alimshusha kwenye gari, nikampokea na kumkalisha mstari wa mbele. Mtu akampa kijitabu. Akakisogeza karibu na jicho lake linaloona.

"Huyu ni nani?" aliniuliza kwa Kikamba.

"Ni dada yako, Susu."

Akakitazama tena. Kisha akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua mdomo wa ile picha, vile mama anavyomfuta mtoto uchafu kabla ya kuingia kanisani. Akasugua mpaka karatasi ikalia.

"Wamemfanya nini mdomo?"

"Ni kompyuta, Susu. Mchapishaji."

"Dada yangu aliomba?"

"Hapana."

"Alikuwa anaona haya?"

"Hapana, Susu. Hata siku moja."

Akageuza shingo polepole, akaangalia hema zote, watu wote, kila mmoja na Susu yule wa meno meupe mkononi, wakijipepea.

"Basi ni nyinyi mnaona haya," akasema. Akavuta pembe ya leso aliyojitanda, akafunika mdomo.

Ulipofika wakati wa familia kusema maneno, mshereheshaji akamwita. Alisimama, nikamshika mkono, akaongea na leso mdomoni. Tulisikia jina la dada yake, tukasikia neno kisima, tukasikia neno patasi, mengine yakamezwa na kitambaa. Mshereheshaji akacheka kidogo kwenye kipaza sauti.

"Susu, toa hiyo leso ndio watu wasikie."

Hakuitoa. Alimaliza alichokuwa akisema, na watu waliokuwa hawajasikia kitu wakapiga makofi, na wageni wa Nairobi wakapiga kuliko wote. Nilisikia kinyaa kikinipanda tena, safari hii si cha programu wala cha mchapishaji. Nilichukia makofi yale, na karatasi ile ya kung'aa, na jinsi ilivyokuwa rahisi kwa kila mtu. Hadithi ya patasi ilikuwa imesimuliwa na mtu wa mwisho aliyebaki kuisimulia, na sisi tuliipigia makofi bila kuisikia.

Baada ya kaburi kufunikwa na watu kukaa kula, nilimfuata. Alikuwa chini ya ukuta wa jiko, sahani ya wali mapajani, leso bado iko mdomoni, anaiinua kidogo kupitisha kijiko. Nikakaa chini karibu naye. Nikafungua simu, nikabonyeza kile kitufe cha kurudisha, na picha ikarudi ilivyokuwa, imeinama, ina giza, ina beseni na matako ya mbuzi. Nikampa. Alikaa nayo muda mrefu, wali ukapoa.

"Huyu ndiye," alisema.

"Nikupige picha na wewe, Susu. Hakuna mtu ataigusa. Nakuapia. Simu hii haimgusi mtu usoni."

Nilikuwa nataka ile picha kuliko nilivyowahi kutaka picha yoyote. Hakuna mwingine aliyebaki kwetu mwenye meno hayo. Akafikiria, akaweka sahani chini, akanyoosha leso kifuani, mdomo ukabaki bila kitambaa. Akakaa wima, akaikazia simu macho. Mwanga ulikuwa mzuri. Hapakuwa na cha kukata. Lakini midomo alikuwa ameibana.

"Cheka kidogo, Susu," nikamwomba. "Vile unachekanga."

"Nicheke na meno ya nani?" aliniuliza, akaufunga mdomo, na hivyo ndivyo nilivyompiga picha.